Mazabodi Si ya Kununuliwa kwa Chenji

Anayetaka kujiundia kompyuta ya kazi nzito hukutana na ushauri mmoja kabla hajamaliza kueleza shida yake. Ataupata kwenye fremu za Kariakoo jijini Dar es Salaam, ataupata Luthuli Avenue jijini Nairobi, na ataupata kwa rafiki aliyewahi kuunda kompyuta moja ya michezo akaanza kuitwa fundi. Ushauri wenyewe ni huu: weka pesa kwenye prosesa na kadi ya picha, kisha chenji itakayobaki tafutia mazabodi yoyote inayoingiliana, maana mazabodi haiongezi kasi. Na kama hapa mjini bei imekaa vibaya, agiza nje. Bidhaa ni ileile.

Nasema ushauri huu ni mbovu kwa mtu anayetafuta mashine ya kumletea riziki: mhariri wa video, mchoraji wa majengo, mwenye studio ya muziki, mhandisi, mtengeneza ramani. Ubovu wake hauonekani siku mashine inapowashwa mara ya kwanza, ndiyo maana aliyeutoa haulizwi kitu. Huonekana miezi kadhaa baadaye, kazi ya mteja ikiwa nusu, na hapo lawama hutupiwa umeme, Windows au virusi. Msimamo wangu ni kwamba mazabodi ndiyo ya kuchaguliwa mwanzo, hata kabla ya prosesa, na kwamba swali la unanunua kwa nani lina uzito sawa na swali la unanunua ipi.

Tuwape kwanza haki yao. Ukiweka prosesa moja kwenye mazabodi ya bei ya chini, kisha ukaihamishia kwenye ya bei mara tatu, ukapima mchezo au kazi ya dakika mbili, tofauti itakuwa ndogo mno, pengine isiwepo kabisa. Ni kweli pia kwamba soko limejaa mazabodi zinazouzwa kwa taa za rangi na mabati ya kung'aa, na anayelipia hayo ananunua mapambo. Kwa kijana anayetaka kucheza mpira wa kwenye skrini na kuandika kazi za chuo, kubana matumizi kwenye mazabodi hakumdhuru sana. Kosa la washauri wetu ni kuuchukua ushauri wa kompyuta ya michezo na kumpa mtu wa kompyuta ya kazi, ilhali mashine hizo mbili zimefanana sura tu.

Hoja yao kuu ni kwamba mazabodi haiongezi kasi. Sawa, haiongezi. Lakini ndiyo inayoweka ukomo wa kila kitu kingine, na ukomo huo huwezi kuununua baadaye. RAM unaongeza, diski unaongeza, kadi ya picha unabadilisha. Mazabodi ikikosa kitu, imekosa mpaka uing'oe, na kuing'oa ni kuivunja mashine nzima uanze upya.

Chukua njia za PCIe, yaani barabara ambazo data hupitia kati ya prosesa na kadi ya picha, diski za NVMe na kadi nyingine. Prosesa za Ryzen 7000 za soketi ya AM5 zina njia 28. Nne huliwa na chipseti, yaani chipu ya mazabodi inayoviunganisha vifaa vingine na prosesa, zinabaki 24: kwa kawaida 16 huenda kwenye kadi ya picha, na 8 hugawiwa diski au vifaa vingine kwa jinsi mtengenezaji wa mazabodi alivyoamua. Hapo ndipo ujanja wa bei ya chini unapojificha. Mazabodi inaweza kuwa na sloti mbili ndefu, zote za ukubwa wa x16 kwa macho, kumbe ya pili imeungwa kwa njia 4 tu, tena kupitia chipseti. Mhariri wa video anayetaka kadi ya picha, kadi ya kunasa video, kadi ya mtandao wa kasi na diski tatu za NVMe atagundua siku ya kufunga kwamba akijaza sehemu fulani ya NVMe, bandari mbili za SATA zinazimika. Mazabodi haijaharibika. Iliandikwa hivyo kwenye mwongozo ambao hakuna aliyeufungua.

Kwa upande wa Intel hali ni hiyohiyo. Kwenye soketi ya LGA1700, chipseti za H610, B660 na B760 haziwezi kuzigawa zile njia 16 za prosesa ziwe 8 kwa 8. Z690, Z790 na W680 zinaweza. Anayepanga kurenda kwa kadi mbili za picha hapo mbele, kisha akachukua B660 kwa sababu "ni mazabodi tu", ameshaifunga milango ya mpango wake kabla hajaanza.

RAM nayo ina habari yake. Watu wengi huamini kwamba sloti nne zilizojaa ni bora kuliko mbili. AMD yenyewe inaeleza kwamba Ryzen 7000 ikiwa na stiki mbili za DDR5 inakwenda kwa kasi rasmi ya 5200, na zikiwa nne inashuka hadi 3600. Kwa hiyo mtu anayehitaji GB 96 afadhali achukue stiki mbili za GB 48 kuliko nne za GB 24, na hilo analijua mtu aliyeanza na mazabodi akasoma orodha ya RAM zilizopimwa kwenye mazabodi hiyo. Aliyeanza na RAM ya ofa atalijua kwa gharama.

Halafu kuna umeme. Pawa saplai huipa mazabodi volti 12, lakini prosesa inataka volti moja na ushee tu. Kazi ya kushusha hufanywa na sakiti iliyopangwa kando ya soketi, inayofahamika kwa kifupi kama VRM. Core i9-14900K inaruhusiwa kufika wati 253. Gawa wati hizo kwa volti 1.2 uone: zaidi ya ampea 200 zinapita kwenye vipande vidogo kuliko ukucha. Mazabodi ya H610 itaipokea i9 hiyo bila kulalamika, kwa kuwa soketi ni moja. Itawaka, itaingia Windows, na fundi atachukua pesa yake aondoke. Katika mchezo, mzigo hupanda na kushuka, VRM inapata nafasi ya kupumua. Katika kurenda filamu ya saa nzima, mzigo hupanda ukakaa hapohapo usiku kucha, ndani ya chumba cha Sinza au Buguruni chenye joto la nyuzi 30 na vumbi la barabarani. VRM dhaifu isiyo na kipande cha bati cha kupoza itapata moto, prosesa itajishusha kasi ili isiungue, na mwenye mashine atakuwa amelipia i9 akapata nguvu ya prosesa ya daraja la chini. Sasa atuambie mtu: mazabodi haiongezi kasi, je, haipunguzi?

Jambo la nne ni lile ambalo wauzaji wetu hawalitaji kabisa: RAM ya ECC, yenye uwezo wa kugundua kosa la biti moja na kulisahihisha. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake wawili wa Google walichapisha utafiti kuhusu kumbukumbu za seva za Google. Katika mwaka mmoja, takriban theluthi ya mashine zilipata angalau kosa moja la kumbukumbu, na zaidi ya asilimia 8 ya stiki ziliguswa na makosa hayo. Kwenye mchezo, kosa la biti moja ni doa la rangi linalopita. Kwenye hesabu za nguzo ya jengo, kwenye hifadhidata ya wateja au faili la mradi wa miezi mitatu, kosa hilo linaandikwa kwenye diski na kukaa humo kimya. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliilaumu Intel hadharani Januari 2021 kwa kuwanyima watu wa kawaida ECC. Oktoba 2022 kompyuta yake mwenyewe, isiyo na ECC, ilianza kumsumbua kwa sababu ya RAM mbovu, akiwa katikati ya kukusanya kazi za toleo la 6.1.

Na nani anaamua kama utaipata ECC? Kwa prosesa za Intel za kizazi cha 12 hadi cha 14, ni mazabodi ya chipseti ya W680. Uweke prosesa ileile kwenye Z690 ya bei ghali yenye taa kama harusi, ECC hupati. Kwa Ryzen za kawaida inategemea mtengenezaji wa mazabodi ameiruhusu au la. Sikubaliani na wanaosema kila mtu lazima awe nayo. Nasema kila anayefanya kazi ya watu lazima aulizwe kama anaihitaji kabla hajanunua, kwa kuwa baada ya kununua swali halina maana.

Tumegusa vinavyoonekana kwa macho. Kuna kisichoonekana, nacho ni BIOS, programu ndogo inayokaa ndani ya mazabodi na kuamua prosesa ipewe umeme kiasi gani. Aprili 2023 watumiaji waliripoti prosesa za Ryzen 7000X3D zilizoungua, baadhi pamoja na soketi zake. AMD ikaagiza volti ya sehemu ya prosesa inayoitwa SoC isizidi 1.3, na agizo hilo likawafikia watu kwa njia ya BIOS mpya za watengenezaji wa mazabodi. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Intel: prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipata volti kupita kiasi na kuchakaa. Marekebisho yalianza kutoka Agosti mwaka huo, tena kwa njia ya BIOS, na Intel ikaongeza miaka miwili kwenye dhamana ya prosesa hizo.

Somo liko wazi. Ukinunua mazabodi unanunua pia ahadi kwamba kuna watu mahali fulani wataendelea kuitengenezea BIOS. Mazabodi isiyo na jina, ambayo tovuti ya mtengenezaji wake haipo au haijaguswa tangu siku ya kwanza, haina ahadi hiyo. Prosesa iliyopata hitilafu ya kiwandani ikiwa juu ya mazabodi kama hiyo ni mgonjwa ambaye dawa yake imepatikana lakini haimfikii.

Nije sasa kwenye nusu ya pili ya ushauri: agiza nje, bidhaa ni ileile. Wanaosema hivi hulinganisha bei ya Al Ain Centre kule Dubai, au ya mtandaoni, na bei ya dukani hapa, kisha wanamwita mfanyabiashara wa hapa mwizi. Bei ya hapa ina usafiri, ina kodi, ina gharama za kuutoa mzigo, na kama muuzaji ni mwaminifu, ina hatari aliyoibeba yeye ya kukubadilishia ikija na kasoro. Ile ya kule ni bei ya kitu peke yake.

Kwa kadi ya mtandao au diski, hatari hiyo ni ndogo na mtu anaweza kuibeba mwenyewe. Kwa mazabodi ni kubwa. Soketi za LGA1700 na AM5 zina pini 1,700 au zaidi, nyembamba kama unywele, nazo ziko kwenye mazabodi badala ya kuwa kwenye prosesa. Pini moja ikipinda, stiki ya RAM inaweza isionekane au mashine isiwake kabisa, na pini iliyopinda ndicho kisingizio cha kwanza cha kuikataa dhamana. Nani aliipinda: kiwanda, mbebaji, au wewe? Kwa mazabodi iliyosafirishwa kutoka Shenzhen hakuna shahidi. Ukinunua dukani, unafungua boksi mbele ya muuzaji, unaondoa kifuniko cha soketi, unamulika kwa tochi ya simu, mnaangalia pamoja, ndipo unalipa.

Tena kuna kasoro ambazo macho hayazioni. Tarehe 31 Januari 2011 Intel ilitangaza kwamba chipseti zake mpya za mfululizo wa 6 zilikuwa na hitilafu: baadhi ya bandari za SATA zingedhoofika taratibu kadiri muda unavyokwenda. Gharama ya kutengeneza na kubadilisha ilikadiriwa kuwa dola milioni 700. Kwa kuwa chipseti imeunganishwa kwenye mazabodi, dawa ilikuwa kubadilisha mazabodi nzima. Desemba 2021 ASUS nayo ilitangaza kuwabadilishia watu mazabodi za ROG Maximus Z690 Hero zilizofungwa kapasita kinyume, baadhi zikiwa zimeungua. Katika visa vyote viwili kampuni ziliwajibika. Lakini kuwajibika kwa kampuni hupita kwenye mnyororo: kiwanda, msambazaji, duka, mteja mwenye risiti. Aliyenunua kwa mtu aliyemletea kwenye begi hayumo katika mnyororo huo. Bidhaa ni ileile, kweli. Haki zake si zilezile.

Mfano mbaya kuliko yote wa "bidhaa ni ileile" ni mazabodi za Kichina zinazoitwa X99, zinazouzwa kama kifurushi pamoja na prosesa ya Xeon iliyotolewa kwenye seva za zamani. Tangazo linavutia: Xeon E5-2680 v4, kori 14, RAM ya ECC, bei ya kutupa. Ukichunguza, nyingi ya mazabodi hizo hazina chipseti ya X99 hata kidogo. Zimefungwa chipseti zilizoondolewa kwenye mashine nyingine zilizokufa, kama H81, B85 au Q87, juu ya ubao mpya. Huku ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Prosesa zenyewe ni za mwaka 2016, hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kori zake 14 zinasaidia katika kurenda, lakini AutoCAD hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kori moja, na huko i5-12400 yenye kori 6 inaipita mbali huku ikila umeme kidogo.

Hapa najua nitajibiwa: wewe unaongea kama mwenye pesa, sisi tunabana. Ni jibu zito na linastahili jibu la kweli. Mwenye pesa ndogo ndiye hasa asiyeweza kununua mazabodi mara mbili. Tajiri akikosea anaagiza nyingine; fundi wa video wa Mbagala akikosea anapoteza mteja. Na nafuu ipo bila kuingia kwenye gunia. Mtu anaweza kushusha prosesa daraja moja, i7 badala ya i9, abaki na mazabodi nzuri ambayo baadaye itaipokea ile kubwa kutoka soko la mitumba. AM5 ilitoka Septemba 2022, na soketi hiyohiyo ikapokea Ryzen 9000 mwaka 2024. Aliyechagua mazabodi imara mwanzoni alibadilisha prosesa tu. Na kama hata hilo ni zito, mtumba wa HP Z440 au Dell Precision T5810 una chipseti halisi ya C612 na ECC iliyokusudiwa tangu kiwandani. Umri wake ni ule wa zile Xeon, ukomo wake kwa Windows 11 ni uleule, na mazabodi yake huwezi kuibadilisha na yoyote ya kawaida. Lakini angalau unachokilipia ndicho kilichoandikwa.

Wala siwatetei wenye maduka wote wa hapa. Wapo wanaotoa dhamana ya wiki moja ya mdomo, risiti hawataki kuandika, na mazabodi ya maonyesho wanairudisha kwenye boksi na kuiita mpya. Kwa hao bei ya juu haina utetezi. Zaidi ya hapo, mazabodi kama za W680 ni nadra kwenye fremu zetu, na wakati mwingine kuagiza hakuepukiki. Basi agiza kupitia duka linaloleta mzigo mara kwa mara na litakalokuandikia risiti kwa jina lake, au nunua kwa wakala rasmi mahali ambapo una mtu wa kuirudisha.

Utaratibu wenyewe hauhitaji shahada. Andika kazi zako na vifaa utakavyofunga sasa na miaka mitatu ijayo. Pakua mwongozo wa mazabodi unayoitamani, ni bure, usome sehemu ya sloti na ya diski zinazogombania njia. Angalia orodha ya prosesa inazozikubali na toleo la BIOS linalohitajika, kwa kuwa mazabodi ya B650 iliyokaa rafuni tangu 2022 haitaiwasha Ryzen 9000 mpaka BIOS ibadilishwe. Chagua yenye kitufe cha kubadilisha BIOS kwa flashi bila prosesa. Kagua tarehe ya BIOS ya mwisho. Kisha nenda dukani ukiwa na jina kamili la mazabodi, usikubali "inafanana na hiyo", kagua pini, na hakikisha namba ya bidhaa imeandikwa kwenye risiti pamoja na muda wa dhamana. Prosesa, RAM na kadi ya picha vifuate baada ya hapo.

Na fundi akishikilia kwamba mazabodi ni ubao tu, yoyote inatosha, usibishane naye. Mpe kalamu, mwambie aandike dhamana ya mwaka mmoja juu ya hiyo "yoyote" anayoisifu, asaini na jina lake. Akikataa, basi naye haiamini, na wewe usiinunue.